Bahasha ya Nungwi

Fedha za kikundi chetu hazikuibwa Nungwi. Nalisema hili mwanzo kabisa kwa sababu wapo wenzangu ambao kwa muda mrefu walisimulia safari ile wakisema "tuliibiwa", na mimi niliyekuwa mweka hazina nikawaacha waamini hivyo.

Tulikuwa watu tisa, wengi wetu wafanyakazi wa Dar es Salaam, pamoja na dada mmoja wa Unguja anayeishi Muscat, aliyekuwa amekuja likizo akaungana nasi. Kila mtu alichanga sehemu yake mapema. Nikapewa mimi fedha nizishike kwa kuwa kazi yangu ni hesabu. Wangempa mwalimu au muuza vitenge wangekuwa salama zaidi. Mtu wa hesabu za ofisini hudhani fedha ya bahasha haihitaji kuandikwa, ataikumbuka tu.

Michango ya Dar ilikuja kwa simu. Nikaandika daftarini kiasi alichotuma kila mtu, nikaenda kwa wakala kutoa, na makato ya kutolea, kama 35,000 kwa jumla, sikuyaandika popote. Yule dada alinikabidhi dola 200: noti moja ya 100, zilizobaki za 5, 10 na 20. Nikazipigia hesabu kwa bei niliyoiona ubaoni kwenye duka la kubadilishia fedha pale Mji Mkongwe, shilingi 2,500 kwa dola, nikaandika 500,000 kabla hata sijafika dirishani.

Bei ya ubaoni ni ya noti za 50 na 100. Ndogo zina bei yake, na noti iliyochapishwa kabla ya 2006 hurudishwa kama imetoka kwa mganga. Marekani haijafuta noti yake hata moja, ya zamani kwao ni halali sawa na mpya, lakini mwenye duka Zanzibar hashughuliki na sheria ya Marekani, anashughulika na nani ataipokea kwake. Noti ndogo nilipewa 2,300 kwa dola, na moja ya 20 ikakataliwa. Nikaitia kwenye bahasha. Mkononi nilikuwa na 434,000, daftarini zikabaki 500,000.

Siku zile, kabla ya kanuni za Machi 2025 zilizokataza kutoza bei za nchini kwa fedha za kigeni, menyu nyingi za ufukweni zilisomeka kwa dola, na kila mgahawa ulikuwa na kiwango chake cha kugeuzia. Chakula chetu cha usiku kikaja 800,000. Nililipa kwa kadi yangu ili nijirudishie toka kwenye bahasha, na mhudumu akanieleza vizuri tu kwamba kadi inaongezewa asilimia tano. Nikajirudishia 840,000. Daftarini nikaandika 800,000.

Hayo yote ni uzembe, na uzembe hausumbui usingizi. Kinachonisumbua ni sehemu iliyobaki.

Noti yetu kubwa ni ya 10,000. Laki tano ni noti hamsini, bunda linalojaza mkono, na ukiwa nalo ufukweni, miguu mchangani, unajihisi mtu mwenye uwezo. Bahasha ilipokuwa nene sana nilichomoa noti kadhaa nikazitia mfukoni, pamoja na zangu. Kuanzia hapo mfuko ukawa mmoja. Muuza madafu nilimpa 10,000 nikamwambia chenji abaki nayo. Nahodha aliyetupeleka Mnemba alikuwa ameshalipwa bei tuliyopatana. Nikamwongezea 50,000 mbele ya watu wote, wakanipigia makofi. Papasi aliyetufuata tangu mchana akitaka kutuuzia safari ya viungo nilimpa 20,000 atuache. Nikanunua kikoi. Wenzangu wakaanza kuniita bosi, na nilipenda. Nilikuwa nakirimu kwa fedha zao.

Nilipohesabu kitandani, zilipungua 310,000. Sikufungua daftari. Nilikumbuka kitu kimoja tu: asubuhi bahasha niliiacha chini ya mto, na niliporudi niliikuta ndani ya mtoto wa meza. Kijana anayesafisha vyumba ndiye aliyeihamisha. Kwamba mwizi haibi kisha akakutunzia bahasha vizuri, hilo halikunijia. Au lilinijia nikalisukuma, kwa sababu nje walikuwepo watu wanane wakisubiri kuambiwa zimebaki ngapi.

Nikaenda kwa meneja. Yule kijana, wa Pemba, akaitwa, akaambiwa afungue begi lake mbele yetu. Mlikuwa na chaja, kofia ya kiua, na mkate wa mofa uliofungwa kwa gazeti. "Sikuchukua, mzee," aliniambia mara moja, kisha hakusema tena. Nilimjibu kwamba hakuna aliyemtuhumu, tunaulizana tu. Jibu lile ndilo linaloniaibisha kuliko yote, kwa kuwa lilikuwa la mtu anayejiandalia pa kutokea.

Usiku wa mwisho, wenzangu wakiwa muzikini, nilikaa na daftari na ujumbe wa miamala kwenye simu. Makato 35,000. Dola, pungufu 66,000. Kadi, 40,000. Zilibaki 169,000, na hizo niliweza kuzitaja karibu zote, noti kwa noti na mtu niliyempa. Ilikuwa kazi ya dakika ishirini. Meneja alikuwa mapokezi, hatua chache kutoka mlangoni kwangu. Nikazima taa nikalala. Kesho yake nikavuka na boti sikumwambia mtu.

Nilipiga simu hotelini baada ya majuma kadhaa. Kijana alikuwa amerudishwa nyumbani bila malipo, kisha akaitwa tena kazini, kwa kuwa hawakuwa na ushahidi na wageni walikuwa wengi. Nikaomba namba yake, nikamtumia mshahara wa siku alizokatwa na kidogo juu yake. Akajibu kwa ujumbe: "Zimefika mzee. Ila naomba uwaandikie kazini, maana huku bado wananiita mwizi."

Rasimu ya kwanza niliandika kwamba palitokea mkanganyiko wa hesabu. Mke wangu akaisoma akaniuliza ni nani aliyekanganyikiwa. Nikaandika upya: fedha zilitumiwa na mimi, nilijua hivyo kabla sijaondoka hotelini, na kijana hakugusa kitu. Nakala nikaiweka kwenye kundi letu la WhatsApp pamoja na mchanganuo wote, nikarudisha 169,000. Wawili walinitukana, wengine wakanyamaza. Dada wa Muscat yeye aliandika kwamba noti yake ya dola 20 bado iko kwangu, na anaitaka.