Mama Nesi wa Wampembe

Mama yetu aliishi miaka 86. Kati ya hiyo, zaidi ya 30 aliitumia katika zahanati, na yote iliyobaki, tangu alipotuzaa, aliitumia kwa ajili yetu. Watu wa Wampembe hawakumwita kwa jina lake. Walimwita Mama Nesi, na hata sisi wanawe tulijulikana kama watoto wa Mama Nesi.

Ili kuielewa kazi yake, yafaa msomaji aijue Wampembe. Ipo ufukoni mwa Ziwa Tanganyika, Wilaya ya Nkasi, chini ya milima inayoshuka kutoka uwanda wa juu wa Ufipa. Huko juu, Sumbawanga, ni baridi na mashamba ya ulezi na maharage. Kwetu ni joto, mihogo na migebuka. Barabara ya kupanda mlima ilikuwa mbaya, na wakati wa masika ilikuwa mbaya zaidi. Upande wa pili kulikuwa na maji tu. Meli ya Liemba, iliyoundwa Ujerumani mwaka 1913, ilipopita ilisimama mbali na ufuko, na abiria waliifuata kwa mitumbwi. Mgonjwa aliyeshindikana alikuwa na njia hizo mbili, na zote zilimtaka asubiri. Mahali kama hapo nesi hamsaidii daktari, kwa sababu daktari hayupo.

Mama alipokuwa msichana alisikia wazee wakimtaja Adrian Atiman wa Karema, kaskazini mwetu. Huyo alitekwa utumwani akiwa mtoto huko Afrika Magharibi, akakombolewa, akasomea uganga kisiwani Malta, na mwaka 1889 akafika Karema, alikotibu watu hadi alipofariki mwaka 1956. Mama alisema ndipo alipojua kwamba mtu mweusi naye aweza kushika dawa na sindano.

Mtoto wake wa tatu, dada yetu, alifariki kwa surua kabla hajatimiza miaka miwili. Wakati huo mpango wa taifa wa chanjo, ulioanza mwaka 1975, ulikuwa haujafika kwetu. Mama alikuwa nesi tayari. Alijua hatua zote za ugonjwa ule, akazifuata zote, na mtoto akafa mikononi mwake. Waswahili husema uchungu wa mwana aujuaye mzazi. Baada ya siku za msiba alirudi kazini, kwa kuwa surua ilikuwa bado imo kijijini na watoto wa wenzake walikuwa wamelala mkekani.

Chanjo ilipokuja, ilikuja pamoja na jokofu la mafuta ya taa. Chanjo hutakiwa kukaa kati ya nyuzi 2 na 8 za joto. Ikipata joto huharibika, nawe utamchoma mtoto bure. Mwali wa jokofu lile ulipaswa kuwa wa buluu. Ukiwa wa njano, utambi hutoa masizi na jokofu hushindwa kupoza. Basi mama aliamka usiku, akachukua kurunzi, akaenda zahanati kutazama mwali. Kuna nyakati tuliliona jokofu lile kama mdogo wetu mwingine, tena aliyedeka kuliko sisi sote. Hakutuambia kuwa alifanya hivyo kwa ajili ya dada yetu. Haikuwa lazima atuambie.

Siku moja mama mmoja alimficha mwanawe asichanjwe, akiogopa homa inayofuata sindano. Mama hakumkaripia. Alikwenda kwake, akaketi juu ya kigoda, akasema, "Mwanangu, wangu amelala pale makaburini. Huyu wako anaweza kukua." Nilikuwa nimebeba chupa ya barafu mlangoni. Sikuwahi kumsikia akimtaja dada mbele ya mgeni, wala sikumsikia tena.

Baada ya vita vya Kagera vya mwaka 1978 na 1979 nchi ilikumbwa na uhaba. Maji ya kutibu kuhara yalihitaji lita moja ya maji safi, vijiko sita vya chai vya sukari na nusu kijiko cha chumvi, na sukari yenyewe haikuonekana dukani. Mama aliwafundisha wazazi kutumia uji mwepesi wenye chumvi kidogo. Jioni alirudi nyumbani, akasonga ugali, akakagua madaftari yetu na kucha zetu, kisha akashona sare za shule kwa mkono karibu na kibatari.

Alipofariki, mitumbwi ilitoka vijiji vya jirani, kaskazini na kusini. Mzee mmoja mvuvi alisema alimzalishia watoto wote sita. Mwanamke mwingine alisimama na wajukuu wawili, akasema tu, "Hawa ni wake pia."

Wapo wasemao mama mwenye kazi huwapunguzia watoto wake malezi. Kwetu usiku ulipunguzwa, hilo ni kweli. Lakini mikono iliyowashika watoto wa wengine ndiyo iliyotushika sisi, na hatukuona tofauti. Nawe msomaji, ukiwa na mtoto mchanga nyumbani, itazame kadi yake ya kliniki. Chanjo ya surua siku hizi hutolewa akitimiza miezi 9, kisha miezi 18. Mama angekuuliza hilo kabla hajakukaribisha kiti.