Fukara na Jumuiya

Katika miaka ya hamsini, nilipokuwa mtoto katika kijiji kimoja nyuma ya Bagamoyo, fukara alikuwa mgeni wa padre, wala sisi Wakristo wa kawaida hatukudhani kuwa tuna faradhi juu yake zaidi ya kumwombea na kumwonyesha njia iendayo misheni. Misheni ile ya Bagamoyo, iliyoasisiwa na Mapadre wa Roho Mtakatifu mwaka 1868, ilianza kwa tendo la huruma, kwani watumwa waliokombolewa walipewa hapo makao, mashamba na mafunzo ya kazi za mikono; na kwa kuwa ilianza hivyo, ilikaa katika fikira za wazee wetu kwamba hisani ni kazi ya misheni, na ya muumini ni kuhudhuria Misa na kuwabatizisha wanawe.

Naikumbuka bohari ya mapadre, yenye mlango mmoja mzito na harufu ya nafaka kuukuu iliyochanganyika na ya kaniki mpya. Katekista alikuwa akisimama kizingitini na daftari lake, akawaita wajane na vikongwe kwa majina mbele ya watu wote, na kila aliyeitwa akapiga hatua, akapokea pishi yake ya mahindi, akapiga goti, akashukuru. Bibi yangu mzaa mama, aliyefiwa na mumewe mapema, alikuwa miongoni mwao. Na njiani kurudi nyumbani alikificha kile kitita chini ya kanga yake mpaka apite nyumba zote za majirani. Sisemi haya kuwalaumu mapadre, ambao walitoa walichokuwa nacho, na ambao wengi wa wenzao wa kwanza walizikwa papo hapo Bagamoyo wangali vijana. Lakini majirani wale aliokuwa akiwaficha bibi walikuwa Wakristo kama yeye, na baadhi yao walikuwa na ghala zilizojaa.

Mwaka 1967 fikira zetu zilitikiswa. Tarehe 5 Februari ilitoka Azimio la Arusha, na kabla ya miezi miwili kutimia Papa Paulo VI akatoa waraka wake juu ya maendeleo ya mataifa, akifundisha kuwa mali ya ulimwengu imekusudiwa watu wote, na kwamba hapana mwenye haki ya kujilimbikizia ziada wakati wengine wamekosa cha lazima. Kisha mwaka 1970 Mwalimu Nyerere, naye Mkatoliki, aliwahutubia Masista wa Maryknoll huko New York, akawaambia kwa maneno makali kwamba Kanisa lisiposhiriki kupambana na mifumo iwafanyayo watu kuwa fukara, litapoteza maana yake machoni pao. Wakati huo nilikuwa mwalimu kijana wa shule ya msingi, na baada ya Misa tulijadiliana kwa hamasa hata adhuhuri, wengine wakihofu kuwa siasa imeingia altareni.

Walakini kilichobadili mwenendo wetu hasa si waraka wala hotuba, bali ni jumuiya ndogondogo, ambazo maaskofu wa Afrika Mashariki, waliokutana Nairobi mwaka 1973 na tena mwaka 1976, waliazimia kuzifanya msingi wa maisha ya Kanisa. Nyumba chache zilizo jirani zilikutana kila wiki, kwa zamu, kusoma Neno la Mungu na kusali. Na hapo ndipo jambo lenyewe lilipodhihiri, kwani huwezi kukaa juu ya mkeka wa mtu, ukasoma pamoja naye habari za Lazaro aliyelala mlangoni pa tajiri, kisha ukaondoka pasipo kuona kuwa mafiga yake ni ya baridi tangu jana. Mwanzoni mwa miaka ya themanini, tulipokuwa tukipanga foleni kwa ajili ya ule unga wa njano wa msaada ambao watu waliuita unga wa Yanga, akina mama wa jumuiya yetu walikuwa wakitoa konzi moja kabla ya kusonga ugali, wakaitia katika kikapu cha pamoja, na usiku kikapu kikapelekwa kimya kimya kwa aliyekosa, pasipo daftari wala kuitwa jina. Na ukimwi, ambao wagonjwa wake wa kwanza nchini walitambuliwa Kagera mwaka 1983, ulipotufikia sisi wa pwani, waliowaosha wagonjwa na kuwalea yatima walikuwa aghalabu ni akina mama wale wale.

Sasa ni mzee, na naona mageuzi ya tatu, ambayo hayanifurahishi. Msaada wa ng'ambo umepungua, na ni haki Kanisa lijitegemee, kwani mapadre na masista wanaotuhudumia hawali upepo. Lakini zaka, mchango wa jengo na mchango wa ukuta vimeandikwa katika kadi, na mwenyekiti wa jumuiya, aliyekuwa akiuliza nani mgonjwa, siku hizi anauliza nani hajalipa. Katika parokia moja ambayo sitaitaja, nimeshuhudia jamaa za mkulima mkongwe wakihangaika kukopa fedha za madeni ya kadi yake, ilhali maiti ingali ndani, ili apatikane wa kumwombea kaburini. Alhasili fukara anaikimbia jumuiya, maana humo anadaiwa kile kile alichokikosa.

Nawasihi basi wenyeviti wa jumuiya na mapadre wetu: aliye na dhiki ya kweli na afutiwe deni lake kwa stara, asisomwe hadharani, wala maziko ya Mkristo yasicheleweshwe kwa ajili ya kadi, na katika kila kikao, kabla bahasha za michango hazijafunguliwa, iulizwe kwanza ni nyumba gani haikupika, na fungu la nyumba hiyo litoke siku ile ile.