Wimbo Una Mwenyewe

Leo tuongee jambo ambalo huku kambini linasemwa chini chini tu: wimbo ni wa nani, picha ni ya nani, hadithi ni ya nani.

Sisi tunaojitolea huku kaskazini mwa Cabo Delgado, wengi tumetoka Mocímboa da Praia, na wengine Palma baada ya shambulio la Machi 2021. Tulikimbia na nguo za mwilini. Nyumba zilibaki, mashua zilibaki, vitambulisho viliungua. Lakini akina mama wa tufo walifika na nyimbo zao, maana wimbo haubebwi kichwani. Matari yalipopatikana wakaanza upya, kapulana za sare zikatafutwa, na mmoja wao akatunga wimbo mpya kwa Kimwani. Ni wimbo wa mama anayemngoja mwanawe. Walipotezana porini siku ya kukimbia, na mpaka leo hajui kama yuko hai.

Wimbo ulirekodiwa kwa simu. Mgeni mmoja akaiomba video, akarushiwa, iwe ukumbusho wake. Baada ya miezi kadhaa tukaiona inazunguka WhatsApp. Imekatwa katikati, imewekewa kinanda, na chini pameandikwa kwamba akina mama wanashukuru kwa msaada. Nembo ya shirika ipo, jina la kikundi halipo. Tulipomwonyesha mtunzi, hakuuliza habari ya pesa. Aliuliza, "Na mwanangu wamempeleka wapi?"

Shirika hatulitaji, hatutafuti ugomvi. Barua tumeandika, majibu bado. Ila kuna neno tulilolisikia ambalo tunataka kulijibu: eti hawa hawana hata kitambulisho, watadai haki gani?

Jamani, hakimiliki haisubiri kitambulisho. Mkataba wa Berne, wa tangu 1886, unasema haki ya mtunzi haitegemei kusajili wala kugonga muhuri. Ukishatunga, ni yako. Msumbiji imo kwenye mkataba huo tangu 2013, na ina sheria yake ya haki za watunzi, namba 9 ya mwaka 2022. Mkataba huohuo unampa mtunzi haki ya kutambuliwa, na haki ya kukataa kazi yake isipotoshwe kwa namna ya kumvunjia heshima. Aliyeshika simu anaweza kuwa na haki yake kwenye video, lakini wimbo haujawa wake.

Msidhani haya ni ya wazungu tu. Mwaka 2016 mahakama ya wilaya ya Ilala, Dar es Salaam, iliamua kampuni ya simu iwalipe AY na Mwana FA zaidi ya shilingi bilioni 2, kwa kutumia nyimbo zao kama miito ya simu bila ruhusa. Rufaa zilifuata, lakini somo lilibaki: hata kipande kifupi cha wimbo kina mwenyewe.

Zipo pia nyimbo za bibi zetu ambazo hazina mtunzi mmoja. Hizo ni za jamii. Mwaka 2010, kule Swakopmund, Namibia, nchi za shirika la ARIPO zilipitisha itifaki ya kulinda maarifa na sanaa za jadi. Kwa hiyo "ni ya kienyeji" haina maana ya "ni ya bure".

Sasa mtatuuliza, mbona hata nyinyi hamjamtaja huyo mama? Tulimuuliza. Amesema jina lake lisiandikwe, maana anaogopa, na sababu za kuogopa tunazijua sote. Kwake uso na jina si sifa tu, ni usalama. Mkataba wa Berne unalinda hata kazi isiyo na jina. Mwenye wimbo ndiye anayeamua atajwe au afichwe. Aliyebeba simu hawezi kumwamulia.

Vijana, tunajua mali bila daftari huisha bila habari. Sisi tumeanza daftari la kikundi: wimbo gani, nani katunga, tarehe gani, nani karuhusiwa kuutumia na kwa kazi gani. Video ya kwanza tunaihifadhi nzima, kwenye simu na kwenye memori kadi. Na nyimbo za wenzetu tukizitumia, tunawataja.

Kaka na dada wa mashirika, tunaomba mambo matatu tu. Ombeni ruhusa kwa lugha anayoielewa mwenyewe, na mseme video itakwenda wapi, maana ikishapanda kwenye intaneti hairudi. Msibadilishe maneno. Na kabla ya kuposti, mrudisheni aione. Akisema hapana, iwe hapana, na chakula cha mgao asinyimwe kwa hilo.

Mkitaka kusambaza maandishi haya, sambazeni, ila msiyakate.