Sululu wa Kaole

Kusini mwa mji wa Bagamoyo, kati ya bahari na magofu ya Kaole yenye msikiti wa karne ya 13, pana msitu wa mikoko na uwanda wa tope. Zamani hapo palikuwa bandari. Tope lilipojaa na mikoko kuota, vyombo vilihama. Lakini wapo wasafiri ambao hawajapahama, nao ni ndege.

Nilifika huko na mwanangu asubuhi ya bamvua, maji yakiwa yamekupwa mbali. Mbele yetu alitembea ndege wa kahawia, mwenye miguu mirefu na mdomo uliopinda kuelekea chini. Huyo ndiye sululu. Jina lake ni moja na la chombo cha kuchimbia, na anayemtazama akila haulizi sababu: hutumbukiza mdomo katika shimo la kaa, hugeuza kichwa, kisha huibuka na windo lake.

Sululu wa pwani yetu ni wa aina mbili, na mwenye haraka huwachanganya. Tazama kichwa. Mdogo ana mistari miwili ya rangi nzito utosini, na katikati yake mstari mweupe. Mdomo wake ni kama urefu wa kidole. Mkubwa hana mistari hiyo, na mdomo wake hukaribia mara mbili ya huo. Wakiruka, sikiliza: mdogo hupiga mbinja fupi za haraka, kama saba hivi, zote za sauti moja.

Mbinja hizo tulizisikia mapema kuliko nilivyotaka, kwani mwanangu alirusha jiwe. Ufuo ukabaki mtupu.

"Baba, si watarudi?"

Nikamketisha. Nikamweleza kwamba ndege huyu huzaliana katika nchi za mbali za kaskazini, hadi Urusi, na huja kwetu kuanzia Agosti. Ifikapo Aprili wengi hurejea, na safari hiyo huhitaji mafuta mwilini. Chakula hukipata maji yanapokupwa tu. Kila anapofukuzwa hutumia nguvu alizokuja kuziweka akiba, na bahari haimngoji.

Tulikaa kimya, jua likiwa mgongoni, jambo ambalo namshauri kila mzazi. Baada ya muda mrefu alirudi mmoja, kisha wawili. Mwanangu akawahesabu kwa kunong'ona. Halafu akatoa mfukoni jiwe la pili, akaliweka chini taratibu, lisisikike.