Mbweha wa kwenye kompyuta alivyoniumbua

Usinicheke ndugu msomaji, lakini rafiki yangu wa kwanza baada ya kuhamia Dar es Salaam alikuwa mbweha. Tena mbweha jike, kavaa aproni na kashika kikombe cha chai. Ngoja nikupe mkanda mzima.

Nilimaliza kidato cha nne kwetu Singida, matokeo yakaja ya kusuasua, nikapanda basi kuja kwa binamu yangu Tandale. Binamu ana duka la steshenari: fotokopi, kuchapa barua, picha za pasipoti. Mchana nilihudumia wateja, usiku nikawa mlinzi, nalala humo humo. Mji una watu mamilioni, lakini wa kuongea naye sina.

Mtaa wa pili kuna kijiwe. Mabenchi mawili, birika la kahawa, drafti ya vizibo vya soda. Jioni nilikuwa naenda nasimama pembeni, mikono nyuma, nazuga naangalia mchezo. Hakuna aliyenifukuza. Aliyenikaribisha pia hakuna! Wiki mbili nzima nimesimama pale kama nguzo ya umeme. Mwisho nikaona haya, nikaacha.

Ndipo nikahamia kwenye kompyuta ya duka. Kuna dunia moja inaitwa Second Life. Ilifunguliwa mwaka 2003 na Linden Lab, kampuni ya San Francisco, Marekani, iliyoanzishwa na bwana Philip Rosedale, na mpaka leo ipo. Si mchezo wa kupigana risasi na kuhesabu pointi. Unaingia, unapewa mwili wa kuchorwa, jina lako linaelea juu ya kichwa, unatembea, unaruka angani bila mabawa, unaongea na wenzako kwa kuandika au kwa sauti. Nyumba, viti na nguo, vingi vimetengenezwa na wakazi wenyewe. Wana hata pesa yao, dola ya Linden, ambayo inabadilishwa ikawa dola ya kweli.

Siku ya kwanza nilitia aibu. Nilijigonga ukutani, nikatumbukia baharini, nikawa natembea chini ya maji kama kaa. Nikapewa viatu vya bure, nikavivaa bila kujua kwamba vimo ndani ya boksi. Basi boksi likaning'inia mkononi, nazunguka nalo dunia nzima kama mchuuzi!

Nikaanza kutafuta pa kukaa. Mimi nilidhani watu wanafuata uzuri. Nikaenda kwenye majumba ya kifahari, vioo kila upande, chemchemi, bustani za maua. Kweli kuzuri! Lakini mtu hamna. Unasikia upepo tu. Dakika tano nyingi, nikaondoka.

Baadaye nikaja kusoma kwamba wakubwa nao walijaribu bahati yao humo. Mwaka 2006 kampuni ya nguo ya American Apparel ilifungua duka, mwaka uliofuata likafungwa. Mwaka 2007 Sweden ikafungua ubalozi, ukazinduliwa na waziri wake wa mambo ya nje, Carl Bildt. Sawa, ubalozi mtu utaenda kuushangaa mara moja. Lakini nani anapiga soga ubalozini?

Halafu kuna dunia nyingine ya zamani, LambdaMOO, iliyoanzishwa mwaka 1990 na bwana Pavel Curtis wa kituo cha utafiti cha Xerox kule California. Hiyo haikuwa na picha hata moja, ni maandishi matupu. Aliichora kwa mfano wa nyumba yake. Mgeni alianzia ndani ya kabati la makoti, penye giza na kubanana. Akifungua mlango anatokea sebuleni, na sebuleni ndiko watu walikojazana. Hakuna chemchemi, hakuna vioo. Ni watu tu.

Nikasema kumbe siri ni watu! Ramani ya Second Life inaonyesha kila mtu kwa nukta ya kijani, na mgeni akiona nukta zimesongamana, huyo anakimbilia. Ni kama kwa mama ntilie: mwenye foleni ndiye anayezidi kupata foleni. Wenye maeneo walilijua hilo mapema. Wengine waliweka viti vya kulipa, ukikaa tu unaingiziwa visenti vya Linden, ili mradi pale paonekane pamejaa. Wengine walijaza miili ya bandia inayoendeshwa na programu.

Nami nikafuata nukta. Nikatokea kwenye disko moja, watu kama arobaini wanajirusha. Nikasalimia. Kimya. Nikasalimia tena. Kimya! Nikajisemea moyoni, hawa ni ndugu zao wale wa kijiwe cha Tandale.

Usiku mwingine, karibu saa saba, nikaangukia kijibanda cha chai. Hakikuwa na geti wala ngazi za kupandia, unatoka njiani unaingia moja kwa moja. Watu sita tu, viti vimepangwa duara vinatazamana, na kimoja kitupu. Kabla sijakaa, yule mbweha akaniita kwa jina. Si linaelea kichwani? Akaniambia, hilo boksi liweke chini kwanza, ulifungue, viatu vimo ndani. Wote wakacheka, lakini kicheko cha heri. Nami nikacheka peke yangu mle dukani, katikati ya mafaili na gundi.

Kumbe ni mama mmoja mstaafu wa Uingereza. Akaniuliza natokea wapi, Kiingereza changu cha kidato cha nne kikajikongoja hivyo hivyo. Siku ya pili akanikumbuka. Siku ya tatu, sikiliza hii, akanipa kazi! Mlangoni kulikuwa na kibao chenye neno la kukaribisha wageni kwa lugha kama kumi. Akasema la kwenu halipo, liandike. Nikaandika KARIBU, likabandikwa. Tangu usiku ule mgeni akitokea, ninayeinuka kumpokea ni mimi. Si neno langu liko mlangoni?

Wahenga walisema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Siku zote nilidhani ni methali ya kumfukuza mgeni kiaina. Sivyo! Jembe ndilo linalomfanya mgeni awe mwenyeji. Uzuri unamleta, watu wanamsimamisha, salamu inamkalisha. Lakini kinachomrudisha kesho ni kujua kwamba asipokuja kuna kitu kitapungua.

Nikapata akili. Nikachapa ubao wa drafti pale dukani, nikaupiga laminesheni, nikaupeleka kijiweni. Nilijipa jembe mwenyewe. Siku hiyo hiyo nikasogezewa benchi.

Hapo ungedhani hadithi imekwisha vizuri. Bado. Mwezi uliopita alikuja kijana mmoja, mgeni mtaani, akasimama pembeni, mikono nyuma. Nilimwona. Ule usimamaji niliujua kuliko mtu yeyote pale! Lakini drafti ilikuwa tamu, nakaribia kuingiza kingi, nikasema nikimaliza nitamwita. Kesho yake hivyo hivyo. Keshokutwa hivyo hivyo. Mimi ninayekesha kukaribisha mbweha na majini ya kwenye kompyuta, nilishindwa kumgeukia jirani aliyesimama hatua mbili nyuma yangu.

Siku ya nne hakuja. Wala ya tano. Nikamuuliza muuza kahawa, akasema yule dogo karudi kwao. Sisemi karudi kwa ajili yetu, mji una mengi. Ila muuza kahawa aliongeza neno ambalo limenikaa kooni mpaka leo. Alisema, "Aliwahi kuniuliza kama pale mnaruhusu watu wa nje."

Sasa kijiweni kwetu nimeweka sheria. Kupanga vizibo kwenye ubao ni kazi ya mgeni, na akisimama tu anaitwa kuja kuvipanga. Wenzangu wanalalamika eti nawachelewesha. Walalamike!

Na wewe msomaji, hebu leo jioni geuka nyuma uangalie nani kasimama. Tukutane wiki ijayo, Mungu akipenda.