Shujaa Aliyeruhusiwa Kushuka

Wapenzi wa ushairi wa pwani wanaifahamu vyema kazi ya takhmisa. Mshairi hulichukua shairi la mwenzake, pengine la mtu aliyetangulia mbele ya haki zamani, akaongeza mishororo yake juu ya ile ya asili mpaka ubeti ukatimia mitano. Ndivyo anavyotajwa kufanya Sayyid Abdalla bin Ali bin Nasir, mtunzi wa Al-Inkishafi, kwa beti zinazonasibishwa na Fumo Liyongo. Kazi hiyo ina sharti gumu. Mwenye kuongeza hana ruhusa ya kukifuta kilichotangulia, wala haimtoshi kukirudia. Hutakiwa alete neno ambalo, likishasomwa, mishororo ya kale ionekane kuwa ilikuwa ikilingoja.

Sharti hili lafaa kupimia kazi nyingine za sanaa, hata zile ambazo wazee wengi huzitazama kwa jicho la pembeni, kama vile michezo ya video. Nayo ina desturi ya kufuatana: wa kwanza hutoka, ukapendwa, kisha ukaja wa pili. Mara nyingi wa pili huwa ni wa kwanza uliotiwa chumvi zaidi; maadui wengi zaidi, silaha kubwa zaidi, kelele nyingi zaidi. Wachezaji huununua, wakauchoka kabla ya mwaka kwisha. Ila hutokea, japo kwa nadra, wa pili ukawa takhmisa ya kweli. Mmojawapo ni mchezo wa Spider-Man 2 wa mwaka 2004.

Spider-Man, yule mtu-buibui, alibuniwa na Stan Lee na Steve Ditko mwaka 1962. Jina lake halisi ni Peter Parker, yatima aliyelelewa na ami yake na mke wa ami yake katika mtaa wa Queens, jijini New York. Filamu yake ilipotoka mwaka 2002, kampuni ya Treyarch iliitengenezea mchezo, ukauzwa na Activision. Ulikuwa mchezo mzuri kwa kipimo cha siku zake. Shujaa alipanda kuta, akapigana juu ya mapaa, akarusha utando wake na kuning'inia kati ya maghorofa. Lakini ulikuwa na kasoro mbili ambazo mtoto huziona upesi kuliko mtu mzima. Ya kwanza ni kwamba shujaa alipokuwa akibembea mjini, utando wake haukushika jengo lolote. Ulipanda juu, ukapotelea mawinguni, kana kwamba mbingu imepigiliwa misumari ya kuutundikia. Ya pili ilikuwa nzito zaidi. Katika sehemu hizo za mjini, barabara ilikuwa haramu kwake. Mji ulionekana kule chini, lakini mwenye kuteremka mpaka huko alihesabiwa kuwa amekufa, na mchezo ukaanza upya.

Mchezo huo ulifika mbali kuliko walivyodhani walioutengeneza. Mashine za PlayStation 2 zilienea nchini Tanzania hata katika miji midogo, zikawekwa katika vibanda ambako watoto hulipa sarafu chache wakacheza kwa zamu. Mpira wa miguu ndio uliotawala humo, na bado watawala; hata hivyo sidii za mashujaa hazikukosekana. Kibanda kimoja cha namna hiyo kilikuwapo Katumba, kwenye njia ya reli itokayo Kaliua kwenda Mpanda, katika mkoa ambao tangu mwaka 2012 huitwa Katavi. Kilikuwa na televisheni moja na jenereta iliyonguruma nje, na kuta zake zilikuwa za udongo. Ulipopita msimu wa kuvuna tumbaku, watoto walijaa mpaka mlangoni.

Mwaka huohuo wa 2012 mzee mmoja wa Katumba alimfuata mjukuu wake kibandani ili amrudishe nyumbani. Alimkuta ameishika pedi, na macho yake yamegandia kioo. Mzee aliketi kwenye benchi akingoja zamu ile iishe. Alitazama kwa muda, kisha akauliza:

"Mbona huyu mtu hashuki?"

"Akishuka anakufa, babu."

"Anakufa kwa sababu gani? Kule chini si ndiko kwenye watu?"

"Ndivyo gemu ilivyo, babu."

Mzee hakuuliza tena. Swali lake, hata hivyo, lilikuwa uhakiki kamili wa mchezo ule, na lilitoka kwa mtu mwenye haki ya kuliuliza.

Katumba haikuanza kama kijiji cha kawaida. Mauaji yalipotokea Burundi mwaka 1972, maelfu ya watu walikimbilia Tanzania, na serikali ikawatengea makazi katika misitu ya magharibi: Ulyankulu, Katumba, na baadaye Mishamo. Wakimbizi walifyeka msitu, wakalima mahindi, mihogo, maharage na tumbaku, wakajenga shule na makanisa, wakazaa na kuzika. Hata hivyo, mwenye kutaka kutoka nje ya makazi alipaswa kuwa na kibali. Mwaka 2010 zaidi ya watu 162,000 wa makazi hayo matatu walikubaliwa uraia wa Tanzania, jambo ambalo ni nadra kutokea duniani kwa umati mkubwa kiasi hicho. Lakini kulikuwa na mpango kwamba wahamishiwe mikoa mingine, na makazi yafungwe. Hivyo, kwa miaka kadhaa, mtu aliambiwa kwamba nchi ni yake, ila shamba alilolifyeka kwa mikono yake aliache. Mzee aliyeketi kwenye benchi lile alikuwa katika hali hiyo: raia aliyekubaliwa na bado hajapewa cheti, mwenye nyumba asiyejua kama nyumba itabaki. Aliijua nchi ambayo mtu huiona mbele yake na asiruhusiwe kuikanyaga.

Baada ya wiki chache mwenye kibanda alileta sidii ya mchezo wa pili, na hapo ndipo takhmisa inapoonekana. Watengenezaji walikuwa walewale wa Treyarch. Shujaa hakuongezewa nguvu za kutisha. Walichompa ni uzito. Jamie Fristrom, mmoja wa waliouongoza utengenezaji ule, aliung'ang'ania ubembeaji mpaka ukafuata kanuni za maumbile. Katika mchezo wa pili utando hauendi mawinguni. Sharti ushike ukuta, na pasipo na jengo hapana pa kushika. Shujaa akivuka bustani kubwa iliyo katikati ya jiji, ambako majengo hukoma, hulazimika kutafuta miti au kutembea. Akiuachia utando mapema hupaa, akichelewa, hujigonga. Mchezaji huhitaji siku kadhaa za kuanguka kabla mkono haujazoea, kama vile mwanafunzi wa ushairi anavyohitaji siku za kuhesabu mizani kwa vidole kabla sikio halijahesabu lenyewe. Na katika hali zote mbili, kile kifungo ndicho kizaacho raha. Utando usioshika kitu hauna mwendo, sawa na shairi la arudhi lililopoteza vina.

Nyongeza ya pili ni ile aliyoiuliza mzee. Kisiwa cha Manhattan kilifunguliwa chote, na barabara zake zikawa halali. Shujaa aliweza kujiachia kutoka kwenye ghorofa refu kuliko yote, akatua kando ya njia, akatembea miongoni mwa wapita njia. Huko chini alikuta kazi zisizo na utukufu wowote. Alimdaka mtu aning'iniaye ukutani kabla hajaanguka. Alimkimbiza mgonjwa hospitali. Alimrudishia mtoto puto lake lililopeperuka. Zaidi ya yote, alipeleka piza majumbani kabla hazijapoa, kwa sababu Peter Parker ni maskini na kodi ya nyumba yamsubiri. Wala kazi hizi hazikuwa pambo. Ili hadithi isonge mbele, mchezaji alipaswa kukusanya alama za ushujaa, na sehemu kubwa ya alama hizo zilipatikana barabarani. Mwenye kuwapuuza watu wa chini hafiki mbele.

Mzee alikuja tena, safari hii bila kutumwa na mtu. Alipoona yule mwenye vazi jekundu akitembea kwa miguu na kusalimiwa na watu, alicheka.

"Sasa huyu amekuwa mtu," alisema.

"Ni yuleyule, babu," mjukuu akajibu.

"Najua ni yuleyule. Amepewa ruhusa."

Haki yadai kasoro za mchezo wa pili nazo zitajwe. Kazi za barabarani zinajirudia mno. Mtoto aliyepoteza puto hulipoteza tena kesho na keshokutwa, kwa kilio kilekile, mpaka huruma ikageuka karaha. Mapambano na maadui wakubwa hayakupata uangalifu uliopewa ubembeaji. Na walionunua toleo la kompyuta walipewa mchezo mwingine kabisa wenye jina lilelile, ambamo utando hushika pale tu palipowekewa alama. Takhmisa nzuri haina maana ya shairi lisilo na ila. Maana yake ni kwamba neno lililoongezwa lilikuwa ndilo lililokosekana.

Neno lenyewe si geni kwa msomaji wa pwani. Utendi wa Liyongo haumwachi shujaa peke yake angani. Alipofungwa gerezani, nguvu zake zote hazikumfaa mpaka mama yake alipooka mkate wa wishwa, akaficha tupa ndani yake, na kijakazi Saada akaupeleka. Walinzi, waliozoea kumnyang'anya chakula kizuri, waliudharau mkate ule wakamwachia. Jabali la watu liliokolewa na jiko na miguu ya kijakazi. Shujaa asiyegusa chini hana wa kumletea tupa.

Mwaka 2014 vyeti vya uraia vilianza kugawiwa, na mpango wa kuwahamisha watu uliachwa. Waliotaka kubaki Katumba walibaki, na mzee yule alikuwa mmoja wao. Nayo hadithi ya mtu-buibui iliendelea kwa mikono mingine: kampuni ya Insomniac ilitoa mchezo wake mwaka 2018, na wa kuufuata mwaka 2023. Katika huo wa 2023 mashujaa ni wawili, na jiji limevuka mto likaingia Brooklyn na Queens. Watu wengi waliusifia kwa wepesi wake na uzuri wa picha zake. Sifa moja haina budi kuongezwa hapo: Peter Parker, aliyekatazwa barabara mwaka 2002 na kuruhusiwa kisiwa kimoja mwaka 2004, sasa aweza kutembea kwa miguu yake mpaka nyumba aliyolelewa.