Herufi R Chini ya Kiti

Katika ua wa dada yangu huko Mbagala, chini ya kibanda cha mabati, limekaa gari moja la kijani ambalo limenifundisha somo nililopaswa kulijua kabla sijashika chaki. Ni Land Rover ya jeshi, Series III, aina iliyoanza kutengenezwa Uingereza mwaka 1971. Shemeji yangu, Mungu amrehemu, alikuwa dereva wa Jeshi la Wananchi wakati wa Vita vya Kagera. Alilinunua mnadani alipostaafu, likiwa limekwisha kufutwa alama za jeshi, na hakuwahi kutueleza alilitakia nini. Hakuliendesha zaidi ya mara chache. Alikuwa akiketi ndani yake jioni, mlango wazi, akisikiliza redio.

Mwaka jana mpwa wangu alikuja nyumbani kwangu na habari njema, kama alivyoziita.

"Shikamoo, mjomba. Nimepata fundi Tandika. Siku tatu tu. Anakwangua rangi yote, anapiga puti, anapuliza nyeupe inayong'aa. Viti anavalisha ngozi. Tukilikodisha kwa maharusi, mama hatahangaika tena na pesa ya dawa."

Hoja yake haikuwa ya kipuuzi. Dada ana kisukari, na pensheni ya marehemu haifiki mwisho wa mwezi. Nami si mwenye gari. Nilimwomba jambo moja tu, kwamba kabla ya msasa kugusa bati, twende tukalitazame pamoja na fundi.

Fundi yule ni mtu mzima, mikono yake imekauka kwa tineri. Alipitisha kidole juu ya boneti, akakitazama, akasema, "Mwalimu, rangi hii haijachujuka. Imepauka." Nilitamani kumkumbatia. Miaka yote niliyofundisha Kiswahili sikuwahi kupata mfano mzuri kama huo wa kutenganisha maneno hayo mawili. Kilichochujuka kimepoteza rangi yake, kama kanga iliyofuliwa mno. Kilichopauka rangi yake ingalipo, ila uso wake umekauka na kuwa mweupemweupe, kama mguu wa mtoto usiopakwa mafuta. Fundi alilowesha kitambaa cha pamba kwa maji na sabuni kidogo isiyo kali, akapangusa pole pole eneo la kiganja kimoja. Kijani kikarudi, kizito, kisichong'aa.

Alitueleza mengine ambayo mpwa wangu hakuyafurahia. Mwili wa gari hili ni wa alumini, kwa kuwa Land Rover zilipoanza kutengenezwa mwaka 1948 chuma kilikuwa adimu Uingereza baada ya vita. Alumini haili kutu kama chuma, lakini panapokutana na boliti za chuma penye unyevu na hewa ya chumvi kama hii yetu, hutoa unga mweupe unaoinua rangi kutoka chini. Hapo ndipo pa kutibu, na hapo tu. Kulipangusa kwa parafini au dizeli ili ling'ae, kama wafanyavyo wengi, ni kulidanganya, maana mafuta hunasa vumbi na kuozesha mipira. Kulifunika kwa nailoni ni kulifungia jasho lake mwenyewe. Kivuli na upepo ndiyo dawa. "Rangi ya kiwandani," alisema, "ukiikwangua hakuna fundi wa kukurudishia. Nitakupa inayofanana nayo. Yenyewe imekwenda."

Kisha tukanyanyua kiti cha abiria ili tuone hali ya chini. Kiti kile kimeshonwa upya mahali pawili kwa kamba nyembamba ya katani, mishono mikubwa ya mtu asiye mshonaji. Chini yake pana sanduku la spana, na upande wa ndani wa mfuniko mtu alikuwa amekwaruza maneno matatu juu ya rangi kwa ncha ya msumari au kisu:

MUTUKULA
MASAKA
RUKAYA

Mpwa wangu alicheka. "Lukaya, mjomba! Hata kuandika hakujua."

Nakiri mbele yenu, wapenzi wa lugha, kwamba nami kidole changu kiliwasha kutafuta kalamu nyekundu. Ni maradhi ya kazi. Lakini mara hii kilichonijia ni daftari la shangazi yangu.

Shangazi alikuwa na asili ya Mombasa, akaolewa Tanga, na alitunga. Mwaka 1983, nikiwa nimetoka chuo cha ualimu na kichwa kimejaa Kiswahili sanifu, alinikabidhi daftari lake nimwandikie upya kwa hati nzuri. Nilijua tangu darasani kwamba usanifishaji ulijengwa juu ya Kiunguja na kusimamiwa na Kamati ya Lugha iliyoundwa mwaka 1930, lakini sikujua kuyaheshimu yaliyoachwa nje ya uchaguzi huo. Alipoandika "mato" niliandika "macho". Alipoandika "nti" niliandika "nchi". Shairi lake moja lilikuwa na kina cha "to": mato, wito, kito, uzito. Nilipoweka "macho" kina kikavunjika, nikalazimika kubadili mshororo wa pili, kisha wa tatu, hadi nikamaliza beti tano ambazo hazikuwa zake tena. Nilipiga puti, nikapuliza rangi. Daftari la zamani, lililoliwa na mende pembeni, nililichoma pamoja na takataka za ua. Shangazi alilipokea jipya, akaligeuzageuza, akasema ahsante mwanangu. Hakulisoma mbele yangu. Amekufa, na sina hata mstari mmoja ulio wake.

Kwa hiyo nilimwambia mpwa wangu kuwa huyu aliyeandika hivi alijua kuandika. Lugha yake ya kwanza haikutenga l na r, na hilo ndilo pekee tunalolijua juu yake. Si baba yako, maana baba yako hakuzichanganya herufi hizo kamwe. Ukilinyoosha bati hili, unamfuta mtu.

Alinyamaza. Dada, aliyekuwa ameketi barazani akichambua mchele, aliuliza, "Yameandikwa nini? Nisomee." Nikamsomea. Akaweka ungo chini, akaja taratibu na fimbo yake, akainama kutazama.

"Mbona yameishia hapo?"

Sikuwa nimeliona. Jeshi lilipita Mutukula, likaichukua Masaka Februari 1979, likapigana Lukaya mwezi Machi, na Aprili likaingia Entebbe na Kampala. Chini ya neno la tatu mfuniko ule ulikuwa na nafasi ya kuandika majina mengine matano. Rangi ya hapo ilikuwa nzima, haina hata mkwaruzo.

"Mtoto wa watu," dada alisema. Akasimama pale kwa muda mrefu, kisha akamgeukia mwanawe. "Pesa ya dawa tutaitafuta kwingine."

Fundi hakutaka malipo ya siku ile. Nilimlazimisha apokee nauli. Mimi huenda pale kila Jumamosi, daladala mbili, na kabla ya masika tulizibua matundu ya kutolea maji chini ya milango, tukatoa viti vikakaushwa kivulini. Katani ile hatukuigusa. Mpwa wangu alinuna wiki mbili hivi. Sasa anapangisha vyumba viwili vya uani, na mwezi uliopita nilimkuta ameinama chini ya kiti na kitambaa cha pamba, akipangusa kuzunguka ile R, akiogopa kuigusa.